Mwanasheria Mkuu wa Jimbo Nchini Marekani: Achaguliwe au Ateuliwe? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Msomaji aliyezoea kumwona Mwanasheria Mkuu akisimama upande wa serikali hushangaa anaposikia kwamba, huko Marekani, Mwanasheria Mkuu wa jimbo fulani amefungua kesi ambayo gavana wake mwenyewe hakutaka ifunguliwe, na kwamba gavana hana uwezo wa kumwachisha kazi. Mshangao huo ndio uliozaa mengi ya maswali yaliyomo hapa. Majibu yanahusu Marekani kwa sababu huko njia zote mbili, ya kura na ya uteuzi, zimetumika kwa muda mrefu, bega kwa bega, chini ya katiba moja ya shirikisho.

Mwanasheria Mkuu wa jimbo hufanya kazi gani hasa?

Ni lazima kwanza tutofautishe watu wawili wenye cheo kimoja. Yuko Mwanasheria Mkuu wa Marekani, anayeongoza Wizara ya Sheria mjini Washington. Huyo huteuliwa na Rais na kuthibitishwa na Seneti, na ofisi yake iliundwa kwa sheria ya mwaka 1789. Kisha kila moja ya majimbo 50 lina Mwanasheria Mkuu wake, ambaye hapokei amri kutoka Washington. Wa jimbo si msaidizi wa yule wa shirikisho, na mara nyingi hukutana mahakamani kama mahasimu.

Huyu wa jimbo huzishauri idara za serikali, hutoa maoni ya kisheria yanayoandikwa na kutangazwa, huzitetea sheria za jimbo zinapopingwa, na huyashtaki makampuni yanayowadanganya wanunuzi. Kesi za kawaida za jinai, kama wizi na mauaji, kwa sehemu kubwa huendeshwa na waendesha mashtaka wa kaunti, ambao nao katika majimbo mengi huchaguliwa kwa kura. Kazi iliyompa umaarufu wa miaka ya karibuni ni ile ya kufungua kesi za madai kwa niaba ya umma, na uwezo huo ndio unaoufanya mjadala wa namna ya kumpata uwe mkali kuliko ulivyokuwa zamani.

Ni majimbo mangapi huchagua, na mengine hufanyaje?

Majimbo 43 humchagua kwa kura ya wananchi. Katika majimbo matano, yaani Alaska, Hawaii, New Hampshire, New Jersey na Wyoming, huteuliwa na gavana. Maine humpata kwa kura ya wabunge, na Tennessee kwa uteuzi wa majaji wa Mahakama ya Juu ya jimbo. Wilaya ya Columbia, yaani mji mkuu Washington, ambayo si jimbo, ilifanya uchaguzi wake wa kwanza wa nafasi hiyo mwaka 2014.

Kwa nini Wamarekani walianza kumpigia kura?

Cheo hiki kilirithiwa kutoka Uingereza, ambako Mwanasheria Mkuu alikuwa wakili wa mfalme, na baada ya uhuru majimbo mengi yaliendelea kumteua, ama kupitia gavana ama kupitia bunge. Mabadiliko yalikuja katikati ya karne ya 19, zama zilizofuata urais wa Andrew Jackson, pale wananchi walipochoshwa na wabunge waliokuwa wakigawiana vyeo kama watu wanaogawana sahani ya pilau. Katiba mpya ya New York ya mwaka 1846 iliwaweka Mwanasheria Mkuu, mweka hazina, mkaguzi wa hesabu na hata majaji mikononi mwa wapiga kura, na majimbo mengi, hasa yale mapya ya magharibi, yakaingia katika mkondo huo.

Waandishi wa katiba hizo walikuwa na nia moja zaidi, ambayo mara nyingi husahauliwa: walitaka kulivunja fungu la madaraka ya gavana. Mamlaka ya utendaji yaligawanywa kati ya watu kadhaa, kila mmoja akiwa na kura zake na jeuri yake. Kwa hiyo mtu anapolalamika leo kwamba gavana na Mwanasheria Mkuu hawasikilizani, ni vyema akumbuke kwamba mfumo uliundwa ili wasisikilizane pale inapobidi.

Ni mfano gani bora wa faida ya kumchagua?

Ni kesi ya tumbaku ya Mississippi, nayo inastahili kusimuliwa kwa kirefu.

Kwa miongo kadhaa wavutaji sigara waliougua walikuwa wakiyashtaki makampuni ya tumbaku na kushindwa, kwa sababu mabaraza ya raia yanayoamua kesi yaliona kwamba mvutaji alijitakia mwenyewe. Wakili mmoja wa mji wa Clarksdale, Mike Lewis, alimpelekea Mwanasheria Mkuu wa jimbo, Mike Moore, ambaye walisoma naye sheria, wazo jipya. Jimbo, kupitia mpango wa Medicaid, hulipia matibabu ya watu wenye kipato kidogo, wakiwamo wale walioharibiwa mapafu na sigara. Jimbo lenyewe halikuwahi kuvuta hata sigara moja. Basi na lidai fedha zake, na hoja ya kujitakia itakosa pa kushika.

Moore alifungua kesi hiyo mwezi Mei 1994, akiwa wa kwanza nchini. Gavana Kirk Fordice, wa chama cha Republican, aliipinga vikali. Mwaka 1996 alikwenda Mahakama ya Juu ya Mississippi akitaka kesi izuiwe, kwa hoja kwamba Medicaid iko chini ya ofisi ya gavana na kwamba Mwanasheria Mkuu hakuwa na ruhusa ya kuidaia chochote. Mwaka 1997 mahakama ilikataa kumzuia Moore, na miezi michache baadaye makampuni yakakubali kuilipa Mississippi zaidi ya dola bilioni 3. Mwezi Novemba 1998 majimbo 46 yalitia saini mapatano ya pamoja, yaliyokadiriwa kufikia dola bilioni 206 kwa miaka 25 ya mwanzo, na yaliyopiga marufuku mabango makubwa ya sigara barabarani na matumizi ya vikaragosi katika matangazo yake.

Jiulize sasa: laiti Moore angekuwa ameteuliwa na Fordice, kesi ingefika wapi? Isingefika popote. Barua ya kumfuta kazi ingeandikwa kabla ya hati ya mashtaka kukauka wino.

Kama ni hivyo, ubaya wa kura uko wapi?

Uko katika fedha na katika tamaa ya cheo kikubwa zaidi. Mtu anayetaka kura za jimbo zima lenye mamilioni ya watu anahitaji matangazo, matangazo yanahitaji michango, na wenye michango mikubwa mara nyingi ndio haohao ambao ofisi yake huenda ikawachunguza. Mkono mtupu haulambwi. Mwaka 1999, mara tu baada ya mapatano ya tumbaku, Wanasheria Wakuu wa chama cha Republican waliunda umoja wao wa kuchangisha fedha za kampeni, na wale wa Democratic wakaunda wa kwao mwaka 2002. Makampuni makubwa huchangia, na baadhi huchangia pande zote mbili, ishara kwamba wanacholipia si itikadi.

Tamaa ya cheo nayo si siri. Bill Clinton alikuwa Mwanasheria Mkuu wa Arkansas kabla ya kuwa gavana wa jimbo hilo. Katika North Carolina, Roy Cooper alitoka ofisi hiyo akawa gavana, na Josh Stein akafuata nyayo zilezile. Wanasiasa wa Marekani wana mzaha kwamba AG, kifupi cha cheo hicho kwa Kiingereza (Attorney General), humaanisha "Aspiring Governor", yaani mtu anayeutamani ugavana. Hakuna dhambi katika kupanda ngazi, lakini mtu anayepanda ngazi huangalia juu, na kesi isiyo na kamera inaweza kukaa kabatini muda mrefu.

Je, liko jimbo lililojaribu njia zote mbili?

Lipo, nalo ni Pennsylvania. Hadi miaka ya 1970 Mwanasheria Mkuu wake aliteuliwa na gavana. Mwaka 1978 wananchi walipitisha marekebisho ya katiba, na mwaka 1980 LeRoy Zimmerman akawa wa kwanza kuchaguliwa. Wabunge hawakuishia hapo. Sheria ya mwaka huohuo wa 1980 ilimpa gavana mshauri wake mkuu wa sheria, anayemteua mwenyewe, ili asibaki bila wakili siku atakapokosana na Mwanasheria Mkuu. Yaani walijua fika kwamba ugomvi utakuja, wakajenga nyumba yenye milango miwili.

Matokeo yake ni mchanganyiko. Ernie Preate, aliyechaguliwa mwaka 1988, alijiuzulu mwaka 1995 na kukiri kosa la udanganyifu lililohusu michango ya kampeni. Kathleen Kane, mwanamke wa kwanza kuchaguliwa katika nafasi hiyo, alitiwa hatiani mwaka 2016 kwa kusema uongo chini ya kiapo na kuvujisha siri za uchunguzi, akajiuzulu. Wawili wamefungwa jela ndani ya miongo minne, na mtetezi wa uteuzi anaweza kuishia hapo na kukunja jamvi.

Asilikunje upesi. Ofisi hiyohiyo, iliyoanza uchunguzi wakati wa Kane na kuukamilisha chini ya Josh Shapiro, ilitoa mwezi Agosti 2018 ripoti ya jopo la raia waliochunguza kwa faragha dayosisi sita za Kanisa Katoliki. Ripoti iliwataja mapadri zaidi ya 300 waliotuhumiwa na watoto zaidi ya 1,000 waliodhulumiwa. Kuligusa kanisa lenye waumini wengi kiasi kile kulihitaji ofisi isiyoogopa simu ya mkubwa yeyote. Shapiro, ndiyo, baadaye akawa gavana, kama alivyokuwa Tom Corbett kabla yake.

Aliyeteuliwa na gavana si atakuwa kibaraka wake tu?

Inategemea ni nani anayeweza kumwondoa. Hili ndilo swali ambalo, kwa maoni yangu, mjadala mzima hulipita pembeni: watu hubishana kuhusu siku ya kuingia ofisini, na wanasahau siku ya kutoka.

Mfano wa shirikisho unajulikana. Tarehe 20 Oktoba 1973 Rais Nixon alimwamuru Mwanasheria Mkuu wake, Elliot Richardson, amfukuze mwendesha mashtaka maalumu aliyekuwa akichunguza kashfa ya Watergate. Richardson alijiuzulu badala ya kutii. Naibu wake, William Ruckelshaus, naye akakataa na kuondoka. Wa tatu, Robert Bork, akatekeleza. Wawili walikuwa waungwana, lakini uungwana haukuokoa kitu, kwa sababu wote watatu walikaa kwa ridhaa ya mtu mmoja.

Majimbo matatu yamelifikiria jambo hili vizuri kuliko Washington. Katiba ya New Jersey ya mwaka 1947 inasema kwamba Mwanasheria Mkuu, akishateuliwa na kuthibitishwa na Seneti ya jimbo, atahudumu kwa muda wote wa kipindi cha gavana, tofauti na wakuu wengi wa idara ambao gavana anaweza kuwaondoa apendapo. Huko Hawaii gavana humteua, lakini hawezi kumwondoa bila idhini ya Seneti ya jimbo. Huko New Hampshire huteuliwa kwa miaka minne na gavana pamoja na baraza lake la watu watano, wakati gavana mwenyewe hupewa miaka miwili tu, kwa hiyo Mwanasheria Mkuu anaweza kumkuta gavana mpya, hata wa chama kingine, na kuendelea na kazi. David Souter, aliyekuja kuwa jaji wa Mahakama ya Juu ya Marekani, alipitia ofisi hiyo katika miaka ya 1970.

Isidhaniwe kwamba kinga hizo hazina upenyo. Mwaka 2013, seneta mmoja wa New Jersey alipofariki, Gavana Chris Christie alimpeleka Mwanasheria Mkuu wake, Jeffrey Chiesa, kushika kiti hicho huko Washington kwa miezi kadhaa. Kinga ya kutofukuzwa haimkingi mtu dhidi ya kupandishwa cheo.

Na njia za Maine na Tennessee je?

Maine humchagua kwa kura ya wabunge kila baada ya miaka miwili, na kwa kawaida chama chenye wabunge wengi ndicho hupata mtu wake. Tennessee humpa miaka minane, muda mrefu unaompa utulivu, ila majaji wanaomteua ndio watakaomsikiliza akisimama mbele yao kuitetea serikali. Wakazi wa huko huona ni jambo la kawaida. Mgeni huona kama refa anayechagua nahodha wa timu mojawapo.

Anaweza kukataa kuitetea sheria ya jimbo lake?

Amewahi kukataa, zaidi ya mara moja. Mwaka 2013 Kane alitangaza kwamba hataitetea sheria ya Pennsylvania iliyokataza ndoa za jinsia moja, na kazi hiyo ikachukuliwa na mawakili wa gavana, wale walioundiwa ofisi yao mwaka 1980. Huko California hapakuwa na mlango wa pili. Wananchi walikuwa wamepitisha kwa kura mwaka 2008 marekebisho ya katiba ya jimbo yenye katazo kama hilo. Gavana na Mwanasheria Mkuu wote walikataa kuyatetea mahakamani. Na mwaka 2013 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua kwamba waliopendekeza marekebisho hayo, wakiwa raia wa kawaida, hawakuwa na haki ya kukata rufaa kwa niaba ya jimbo. Chochote msomaji anachofikiri kuhusu sheria yenyewe, uamuzi huo unaonyesha kwamba kalamu ya ofisa mmoja inaweza kuwa na uzito wa kura za mamilioni. Mtetezi wa uchaguzi atajibu kwamba ndiyo maana ofisa huyo naye apigiwe kura.

Aliyechaguliwa anaweza kuondolewa kabla ya muda wake?

Anaweza, kwa kushtakiwa bungeni, lakini njia hiyo ni nyembamba. Mwezi Mei 2023 Baraza la Wawakilishi la Texas lilimshtaki Mwanasheria Mkuu Ken Paxton kwa kura 121 dhidi ya 23, na mwezi Septemba Seneti ya jimbo ikamwachia huru. Mabunge mengine huchagua kumpunguzia mbawa: Desemba 2018 Bunge la Wisconsin lilipitisha sheria iliyomzuia Mwanasheria Mkuu mpya kumaliza aina fulani za kesi kwa mapatano bila idhini ya wabunge, na sheria hiyo ilipitishwa wiki chache kabla hajaapishwa.

Je, Afrika Mashariki ina funzo la kulinganisha?

Ipo hoja moja ya kweli. Kenya na Tanzania humteua Mwanasheria Mkuu kupitia Rais, na Kenya huongeza idhini ya Bunge la Taifa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 haikutafuta uhuru wa ofisi ya mashtaka kwa njia ya sanduku la kura. Ilimpokonya Mwanasheria Mkuu kazi ya kushtaki na kumpa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, anayehudumu kipindi kimoja tu cha miaka minane na asiyeweza kuondolewa bila jopo maalumu kuundwa. Ni fikra ileile ya New Jersey na Hawaii: mpe mtu kazi, kisha funga mlango wa kumfukuza. Anayefanana zaidi na Mwanasheria Mkuu wa jimbo ni wakili wa kaunti wa Kenya, ambaye chini ya sheria ya mwaka 2020 huteuliwa na gavana kwa idhini ya bunge la kaunti.

Basi ipi ni bora?

Mimi naegemea uteuzi wenye vizuizi viwili: athibitishwe na chombo kingine kabla ya kuingia, na asiondolewe bila chombo hichohicho kukubali. Ningeongeza la tatu, kwamba asiruhusiwe kugombea ugavana hadi miaka kadhaa ipite tangu atoke. Kura, katika majimbo mengi, huja mara moja kila miaka minne, na fimbo ya mbali haiui nyoka. Michango ya kampeni iko karibu kila siku.

Hata hivyo kesi ya Mississippi inanikwaza, na sina jibu kamili la kuikwepa. Kinga ya kutofukuzwa ingemlinda Moore, lakini Fordice asingemteua mtu wa aina ya Moore tangu mwanzo. Uteuzi huchuja ujasiri mlangoni. Anayependelea uchaguzi akinikumbusha hilo, nitamkubalia kwamba ana hoja nzito.

Naishi Marekani. Hili linanihusu vipi?

Linategemea unaishi wapi na kama umepata uraia. Mkongomani au Mrundi aliyeapishwa kuwa raia na anayeishi Columbus, Ohio, atalikuta jina la Mwanasheria Mkuu kwenye karatasi ya kura karibu na la gavana, pamoja na chama cha kila mgombea. Uchaguzi unaofuata ni wa Novemba 2026. Jirani yake aliyehamia Portland, Maine, hatalikuta kabisa, hata aisome karatasi hiyo pande zote mbili. Huyo wa Maine akitaka kuwa na sauti, amwendee mwakilishi wake katika Bunge la jimbo mjini Augusta.

Asiye raia hapigi kura ya jimbo, lakini ofisi ya Mwanasheria Mkuu hupokea malalamiko ya wanunuzi bila kudai uraia. Aliyeuziwa gari bovu kwa maneno matamu, au aliyetozwa fedha na mtu anayejidai kuwa wakili wa uhamiaji, ajaze fomu ya malalamiko iliyo kwenye tovuti ya ofisi hiyo ya jimbo lake, na aambatishe nakala za risiti, mkataba na ujumbe wa simu waliotumiana. Nakala halisi abaki nazo mwenyewe.